Nadhiri Ambayo Bado Hujaitamka

Nungwi,
Ijumaa, baada ya sala ya alasiri.

Kwa mwanangu mpenzi Zuhura,

Ninakuandikia ili kukuomba jambo moja. Kesho asubuhi, bibi yako na wenziwe watakapokusanyika ukumbini kukuombea dua ya safari, usiitamke nadhiri uliyoiandika. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii, nami nimeitanguliza ili usiisome kwa wasiwasi, ukitafuta kosa ulilolitenda. Hukutenda kosa lolote. Kosa nitakalolieleza humu ni langu, na nimelichukua kwa miaka mingi kabla ya kupata ushujaa wa kulieleza kwa kalamu.

Jana uliponipa karatasi yako uliniambia, "Mama, nisahihishie, nsije nkaaibika mbele za watu." Niliipokea nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, kama mwalimu yeyote apewapo karatasi. Nilikuta mambo manane yaliyopangwa kwa khati nzuri: kuzuru wagonjwa hospitalini kila Alhamisi, kufundisha watoto kila Ijumaa, kugawa nusu ya chochote utakachopewa, kufunga Jumatatu, na mengineyo mpaka la nane. Juu yake uliandika kwamba yote hayo ni nadhiri yako kwa Mwenyezi Mungu kwa muda wote utakaokuwa mwanafunzi mjini. Nikakuuliza, huku nikijitahidi sauti yangu isibadilike, "Ushaitamka?"

Ukanijibu, "Bado, mama. Nangoja Jumamosi, watu wawepo."

Nilitoka uani kama mtu anayekwenda kutazama chungu. Jikoni hapakuwa na chungu. Nilikaa juu ya kinu kilicholazwa, nikashusha pumzi ambayo sidhani kama nimepata kuishusha mfano wake tangu siku niliyokuzaa. Hujaitamka! Mtu akikusudia jambo la kheri moyoni, akilitenda atapata thawabu, na akishindwa Mola wake anamjua. Lakini akishatamka kwa ulimi kwamba ni nadhiri, ile hiari aliyokuwa nayo humtoka, na jambo lile hukaa shingoni mwake mpaka alitimize. Unayajua hayo, umeyasoma katika chuo cha Kurani. Mimi nami nilikuwa nimeyasoma.

Habari za mafuta ya nazi, za kuanika nguo, na za kutowaazima wenzio khanga zako mpya, bibi yako ameshazimaliza, na kwa namna alivyozieleza sina la kuongeza. Acha mimi nikueleze habari za Mpendae, kule mjini.

Unajua kwamba baba yako, Mungu amrehemu, alipofariki wewe ulikuwa ukiingia mwaka wa saba, na mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Niliomba nafasi katika chuo cha ualimu mjini, nikaipata, nikakuacha hapa kwa bibi yako. Katika darasa letu mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na mtoto, na mimi peke yangu ndiye niliyetoka shamba. Wenzangu walikuwa mabinti wa mjini waliozungumza kwa utulivu na kuvaa viatu kila siku. Nilitaka kuwashinda kwa jambo ambalo hawakuwa nalo, na baada ya kutafuta nililiona: nitawashinda kwa wema.

Siku ya Maulidi ya chuo, mbele ya walimu, wazazi na wageni, nilisimama bila ya kuombwa, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Naweka nadhiri kwa Mwenyezi Mungu kuwafundisha kusoma wanawake kumi wasiojua kusoma." Vigelegele vilivyopigwa, mwanangu, vilinilewesha. Asha, mwenzangu wa kitanda cha jirani, alinivuta buibui nilipokaa, akaninong'oneza, "We, kumi? Ushawaona?"

Sikuwa nimewaona. Nilianza kuwatafuta wiki iliyofuata, na kwa kuwa shangazi yake Asha alikuwa akikaa Mpendae, nilikwenda huko. Nilipata wanawake saba, kisha wanane, tukakaa ukumbini kwa mmoja wao aitwaye Bi Mgeni, mama wa makamo, msusi wa mikeka, mwenye maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu. Niliwakalisha mbele ya ubao. Niliwaimbisha a, e, i, o, u, kama nilivyofundishwa kuwaimbisha watoto wa darasa la kwanza. Waliimba, wakanitazama, wakaimba tena. Wiki ya tatu walikuja watano. Wiki ya sita walikuja wawili, na mmoja alikuwa amekuja kwa sababu alidhani nina habari za harusi ya jirani.

Hapa ndipo ningependa unisome polepole. Nilipoona darasa linapukutika, sikuwauliza wanawake wale sababu. Niliandika taarifa. Niliandika kwa Mwalimu Mkuu, kwa lugha nzuri sana, kwamba wanawake kumi wa Mpendae sasa wanasoma. Nilijiambia kwamba nimeandika nitakachokitimiza, nimetangulia siku chache tu. Naye Mwalimu Mkuu, mwanamke mtu mzima, mpole, ambaye upole wake ulitutisha kuliko ukali wa walimu wengine wote, aliisoma taarifa, akaniambia, "Vizuri. Alhamisi ijayo nitakuja kuwasikiliza."

Nilikwenda Mpendae mbio, nikamweleza Bi Mgeni ukweli wote huku nikilia. Alikuwa akisuka ukili. Hakuuweka chini.

"Umeapa mbele za watu?" aliniuliza.

"Nimeweka nadhiri, Bi Mgeni."

"Na huyo mwalimu wako anakuja Alhamisi?"

"Naam."

"Basi kaoshe uso. Watu kumi si kitu. Wakitakiwa wa kula pilau ungewapata mia."

Alhamisi ile Mwalimu Mkuu alikuta wanawake kumi wamekaa mkekani, kila mmoja na kitabu mkononi. Bi Mgeni alikuwa amewakusanya nyumba kwa nyumba. Mmoja wao alikuwa mgeni aliyekuja kutoka Makunduchi kumtazama mzazi. Alikaa mwisho wa mkeka, akatabasamu muda wote bila ya kujua tuko katika shughuli gani.

"Nani atatusomea?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

"Mie hapa," alisema Bi Mgeni.

Alifungua kitabu katikati, akaweka kidole, akasoma. Alisoma habari za Juma na ng'ombe wake bila ya kusita, tena kwa sauti ya kuvuta na kupandisha, hata ng'ombe yule akawa na heshima ambayo mtunzi wa kitabu hakumkusudia. Nami niliduwaa. Mwanamke huyu hajakaa mbele ya ubao kwa mwezi mzima, kasomea wapi?

Mwalimu Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole wake ule, "Mashaallah, Bi Mgeni, kisomo chako kizuri. Ila kidole chako mbona kinatokea kuliani?"

Bi Mgeni alikitazama kidole chake kama kitu cha mtu mwengine.

"Mwalimu," akasema, "kidole chenyewe kizee. Kinakwenda kilikozoea."

Aliyeanza kucheka ni yule mgeni wa Makunduchi, na baada yake hapakuwa na wa kumzuia mwenziwe. Mwalimu Mkuu naye alicheka, akanyoosha mkono, na Bi Mgeni akampa kikaratasi kilichokuwa kimebanwa ndani ya kitabu. Shairi ungelidhani, kwa uzuri wa khati. Habari nzima ya Juma na ng'ombe wake ilikuwa imeandikwa pale kwa herufi za Kiarabu. Mtoto wa jirani alikuwa amemsomea kitabu usiku wa kuamkia siku ile, naye akainakili kwa mkono wake.

"Khati hii ya nani?"

"Yangu."

"Basi nani aliyesema kwamba wewe hujui kusoma?"

Bi Mgeni alinitazama. Angeweza kunimaliza pale pale, mwanangu, kwa kidole hicho hicho. Alisema, "Hakusema mtu. Sisi tulidhani ndivyo chuo kinavyotaka, tukanyamaza. Na huyu mtoto kashatoa kauli yake mbele za watu. Tungemwacha aaibike?"

Wanne kati ya wanawake niliowaimbisha a, e, i, o, u walikuwa wamehitimu msahafu kabla mimi sijazaliwa. Wawili wakiwaandikia wenzao barua na kutunga mashairi ya harusi. Mimi binti wa Nungwi, ambaye mama yangu mwenyewe husoma na kuandika kwa herufi hizo hizo, nilikaa miezi miwili mbele yao nikiwaita wasiojua kusoma, kwa sababu kitabu nilichopewa chuoni kilianzia kushoto. Nilikuja kuwapa sadaka, na siku ile waliotoa sadaka ni wao: waliacha mapishi na mikeka yao ili kumsitiri mwanafunzi mwenye majivuno.

Njiani Mwalimu Mkuu hakunikemea. Aliniuliza, "Siku ya kwanza ulipofika pale, uliwauliza nini?"

Nikasema, "Sikuwauliza kitu, Mwalimu. Niliwaambia."

"Rudi ukaulize," akasema, na hakulitaja tena jambo lile mpaka nilipomaliza masomo.

Nilirudi. Niliuliza. Bi Mgeni alikuwa na mwanawe wa kiume Tanga, aliyesoma skuli ya serikali, ambaye humwandikia mama yake kwa herufi za kizungu tu. Kila barua ilimlazimu mama kuipeleka kwa jirani asomewe, na siri za mwanawe zikazagaa mtaani kabla hajafika nazo nyumbani. Alitaka kuzisoma mwenyewe, basi. "Weka hizo zako chini ya hizi zangu," aliniambia, na tukaanza hivyo: neno kwa Kiarabu juu, neno lile lile kwa kizungu chini. Ndani ya miezi mitatu alisoma barua ya mwanawe tangu salamu mpaka jina. Akaikunja, akaitia kifuani, akakataa kuniambia yaliyomo. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza katika kumi wangu.

Mmoja. Nadhiri ilikuwa kumi. Nilimwendea maalim aliyekuwa akitusomesha dini, kwa tamaa kwamba ataniambia nifunge siku tatu yaishe. Akaniambia kwamba nadhiri ya kheri haifutwi kwa aibu. Kwa kuwa sikuiwekea muda iko shingoni mwangu, niitimize wakati wowote nitakapoweza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ni zito zaidi kwangu kuliko Mpendae. Alhamisi na Ijumaa zile nilizokuwa nikifundisha Mpendae, Zuhura, zilikuwa zako.

Wanafunzi wa shamba tulikuwa tukipewa ruhusa kila mwezi kurudi makwetu siku hizo. Nilipopeleka salamu kwamba sitakuja kwa sababu nina nadhiri, bibi yako hakunijibu. Baadaye, si kwake bali kwa majirani, nilisikia kwamba kila Alhamisi ya ruhusa ulikuwa ukivaa gauni la Idi ukaenda kukaa mahali linaposimama gari, mpaka watu wote washuke. Nilipokuja hatimaye, baada ya miezi mitano, nilikukuta ukumbini unachambua mchele. Ulinyanyuka, ukaniambia, "Shikamoo, Bi."

Bi! Nilisema marahaba, nikapita ndani. Bibi yako alinifuata. "Usimkasirikie," akanambia. "Kafunzwa adabu. Wageni wote wanokuja hapa huitwa Bi."

Nimekusikia ukiniita mama mara elfu tangu hapo, na hakuna hata moja ambayo niliichukulia kuwa ni haki yangu.

Basi ulipoandika jana kwamba kila Alhamisi ni ya wagonjwa na kila Ijumaa ni ya watoto, kwa muda wote wa masomo, mimi niliona kipande cha njia, na mtoto aliyevaa gauni la Idi. Usidhani kwamba nakukataza kheri. Naogopa ile kauli yako, "watu wawepo." Naijua kauli hiyo ilivyo tamu.

Na lile jambo lako la kugawa nusu ya kila utakachopewa, nalo nimewahi kulitenda. Nilimpa mwanamke mmoja wa Mpendae sabuni yangu yote ya mwezi, nikarudi dahalia, bwenini kwetu, nikijiona mja mwema, kisha kila asubuhi nikawa namwambia Asha, "Nipitishie sabuni yako kidogo." Wiki ya tatu Asha akasema, "Mwanaidi, siku nyengine ukitaka kutoa sadaka yangu, niambie, na mimi nitie nia." Alikuwa anacheka, lakini alikuwa amesema kweli, na tangu siku ile nimejifunza kutoa kile ambacho nikishakitoa sitamwendea mwenzangu.

Yako mambo niliyoyadharau wakati ule kwa sababu hayana vigelegele. Shangazi yake Asha alifiwa na jirani, wanawake wakaitwa kuja kukuna nazi na kuchambua mchele wa khitma. Nikajibu kwamba nina darasa. Darasa la watu wawili, mwanangu, mmoja akitafuta habari za harusi! Nilikuwa sijui kwamba ndani ya ukumbi ule wa nazi ndimo nilimokuwa nikihitajika, na ndimo ambamo, kwa kusikiliza tu, ningejua nani anasoma, nani haoni vizuri, na nani ana barua anazozificha.

Ukiniuliza ningependa ufanye nini, nitakwambia, na una ruhusa ya kunikatalia. Mwezi wa kwanza usiahidi kitu. Tazama, saidia palipo karibu, uliza, kisha uliza tena. Halafu chagua jambo moja katika manane yako, ulipangie siku moja, na ulipe muhula mmoja tu. Liwe dogo kiasi cha kwamba utaliweza hata siku ambayo umeamka na hasira, au umefeli hesabu, au mvua inanyesha. Muhula ukiisha, ujiulize kama walionufaika ni wao au ni wewe, na uwaulize na wenyewe. Nia ya namna hiyo unaweza kuipunguza au kuiongeza bila ya kumkosea mtu, na ukipenda, unaweza kutomwambia mtu hata mmoja.

Nilikuwa nikitamani kukuandikia haya zamani, lakini ningewezaje, na nadhiri yangu mwenyewe haijatimia? Nilipomaliza masomo nilikuwa na wanne. Tangu nilipopangiwa skuli hapa Nungwi nimeongeza mmoja mmoja, kwa kuuliza kwanza. Na juzi Jumatano, ulipokuwa umekwenda kuagana na rafiki zako, alikuja Bi Hadia mkunga na chupa yake ya dawa kutoka kituo cha afya. Yeye hakuwahi kusoma kwa herufi zozote, na alichokitaka tangu mwanzo ni kimoja, kujua chupa zinasema nini. Alikaa palepale unapopenda kukaa, akaigeuza chupa kwenye mwanga, akaanza: "Ti… ki… sa." Akaanza tena. "Tikisa chu-pa ka-bla ya ku-nywa." Akaniangalia kwa mshangao mkubwa. "Tikisa! Kumbe miaka yote hii nawanywesha watu maji ya juu!"

Tulicheka mpaka bibi yako akatoka kuuliza kuna nini. Bi Hadia alipoondoka, nilikwenda kutia udhu, nikasujudu, nikabaki na paji la uso chini kwa muda mrefu. Alikuwa wa kumi. Miaka saba, mwanangu. Niliponyanyuka shingo yangu ilikuwa nyepesi, na sijui kama nimewahi kufurahi namna ile bila ya kuwapo mtu wa kuniona. Siku ya pili yake ukaniletea karatasi yako. Sasa unajua kwa nini nilikwenda kukaa juu ya kinu.

Narudisha karatasi yako pamoja na barua hii. Sikuisahihisha, kwani haina makosa ya kusahihishwa. Khati yako imeshaipita yangu. Ni mali yako, na ulimi ni wako. Kesho, bibi zako watakapomaliza dua na kukugeukia wakingoja useme neno, wewe ndiye utakayeamua, nami nitakuwa nimekaa karibu na mlango, wala sitakukonyeza. Ukiwaambia tu, "Niombeeni, bibi zangu, nijue ninapohitajika," watakuitikia amina kwa nguvu ile ile.

Mimi nina nia moja ndogo, na sijaifanya nadhiri. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi nitakuja mjini, na hakuna darasa wala shughuli itakayotangulia mbele yake. Sitakuuliza umewasaidia wangapi. Nitakuuliza umeuliza nini na umejibiwa nini. Nitapanda gari la Alhamisi, nilale kwa Asha, na Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, nitakuwa mlangoni mwa dahalia yako.

Mama yako,
Mwanaidi